Tani Moja hadi Tabora

Mume wangu ni askari. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa tulikuwa tumeishi pamoja kwa vipande: likizo, ruhusa za msiba, na mwishoni miaka mitatu ya Jumamosi na Jumapili, pale kambi yake ilipokuwa ndani ya mkoa wetu na basi la Ijumaa likawa linamfikisha Karatu kabla giza halijaingia. Sikuwahi kulalamika. Nilikuwa na kazi, watoto walikuwa shuleni, na mke wa askari anajua kilichomo kabla hajakubali.

Simu ya uhamisho ilinikuta stoo. Nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ndogo ya kambi za watalii. Mahema yetu yalikuwa juu kule Ngorongoro, kwenye baridi, na stoo ilikuwa Karatu mjini. Mchana ule nilikuwa nakagua trei za mayai. Nilibana simu kwa bega nikaendelea kuhesabu.

"Barua imetoka," alisema. "Tabora. Mwezi ujao."

"Sawa, baba," nilisema. Nilikuwa nimezoea kusema sawa. Nilianza kufikiri sweta zipi nimfungashie, kisha nikakumbuka kuwa Tabora hakuna baridi.

Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema katika uhamisho wowote. "Safari hii ningependa twende wote. Watoto wameshakuwa, kila mmoja ana kwake. Ila nyumba za kambini zimejaa, nimeulizia. Tutapaswa kupanga uraiani, na kule wenye nyumba wanataka miezi sita kwa mpigo, na dalali naye mwezi mmoja wake."

"Tuna kiasi gani?"

"Hatuna. Ila kuna fedha ya mizigo."

Niliweka trei chini.

Jioni alinipigia tena akanieleza vizuri. Askari akihamishwa hupewa fedha ya kusafirisha vyombo vyake, kwa kiwango cha cheo na umbali. Hupewa mara moja. Gari anatafuta mwenyewe, mzigo anafunga mwenyewe. Akitumia zaidi ya alichopewa, anaongeza mfukoni mwake. Akitumia pungufu, kinachobaki ni chake.

"Si wizi huo?" nilimuuliza. Mimi ni mtu wa stoo. Kitu kinachobaki bila maelezo kinaninyima usingizi.

"Wizi ni kuandika kabati ambalo huna. Sisi vyombo tunavyo. Ukipata lori la bei nafuu, hiyo ni akili yako, na jeshi halina ugomvi na akili."

Yeye alikuwa amepewa milioni moja na laki mbili na nusu. Kodi ya vyumba viwili karibu na kambi ilikuwa elfu sitini kwa mwezi. Miezi sita pamoja na dalali, laki nne na elfu ishirini. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: je, vyombo vyetu vinaweza kufika Tabora kwa laki nane na elfu thelathini, bila kuzidi? Vikifika, tunaishi pamoja. Visipofika, yeye anakwenda kulala bwenini na mimi nakwenda Endabash kwa mama mkwe, kwa sababu nyumba ya Karatu ilikuwa ya kupanga na peke yangu nisingeweza kuilipia.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba, Mbulumbulu. Hesabu za biashara nilijifunza ukubwani, kwa vitabu vilivyotumika nilivyonunua mnadani, na kwa kukosea. Lakini kitu kimoja stoo ilinifundisha ambacho hakikuwa kitabuni: uzito. Gari linalopanda mlima kwenda kambini lina mwisho wake. Ukipakia maji mengi, kuni zinabaki. Ukipakia kuni nyingi, mgeni anaoga kwa kikombe. Kwa miaka mingi nilikuwa nikishika kitu nikajua kilo zake, nikikosea ni kwa kidogo.

Hata hivyo, kwa jambo hili sikutaka kuutegemea mkono. Niliazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa mbaazi, nikaifunga kwenye boriti ya kibaraza, nikaanza kupima nyumba yangu kitu kimoja kimoja. Magodoro niliyakunja na kuyafunga kamba. Sufuria nilizitia kwenye gunia. Meza niliigeuza miguu juu nikaitundika, ikawa inazunguka polepole kibarazani kama ng'ombe wa buchani.

Jirani yangu, mama mjane aliyeuza mboga na ambaye mtaa mzima tulimwita Bibi, alisimama upande wake wa ua wa michongoma akitazama.

"Mwanangu, unauza vyombo kwa kilo?"

"Nahama, Bibi. Napima mzigo."

"Na mumeo utamtundika?"

"Yeye ana miguu yake, atapanda basi."

"Mpime tu," alisema. "Ujue unachokwenda nacho. Mwanaume wa Jumamosi na Jumapili si sawa na mwanaume wa wiki nzima. Huyo wa wiki nzima ni mzito."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa.

Kabati la nguo ndilo lililonipa kazi. Lilikuwa la mninga, zawadi ya baba mkwe tulipooana, na mizani ilikataa hata kulipima lote. Nilitoa milango nikaipima peke yake. Nikapiga hesabu ya kulipeleka. Kisha nikakumbuka kuwa Tabora ndiko mninga unakotoka, na kabati la namna ile fundi wa kule angelitengeneza kwa fedha ndogo kuliko nafasi ambayo letu lingekula kwenye lori. Kulipeleka kabati la mninga Tabora ni kama kupeleka vitunguu Mang'ola.

Nilimpigia mume wangu. Nilitaka aseme yeye, kwa kuwa baba alikuwa wake.

"Baba angekuwa hai angeuliza lina kilo ngapi," alisema. "Uza." Halafu akaongeza, "Ile droo ya chini itoe. Kaweka alama yake kwa ndani, ya patasi." Niliitoa. Ilikuwa kilo mbili. Niliijaza vijiko na vikombe ili isisafiri bure.

Ng'ombe hawakuwemo kwenye hesabu. Tulikuwa na wawili, na kwa desturi ya kwetu tulikuwa tumewawekesha kwa rafiki wa mume wangu Mbulumbulu. Anayewekeshwa ng'ombe anamlisha, anakamua maziwa yake, anatumia mbolea yake. Ng'ombe anabaki kuwa wako, na ndama pia, ingawa akizaa mara kadhaa unamwachia mlezi ndama mmoja. Hakuna anayeuza ng'ombe kwa sababu tu anasafiri. Hao walikuwa salama huko waliko.

Baada ya kuuza kabati, ambalo fedha yake niliitenga kwa nauli zetu za basi, na kugawa vitu vidogo, vyombo vyetu vilikuwa kilo mia tisa na kumi. Kubwa zaidi lilikuwa seti ya makochi, lile la watu watatu na viti vyake viwili: kilo mia na thelathini. Niliyanunua kwa mshahara wangu kidogo kidogo, na mume wangu alikuwa anayakalia kwa heshima, ukingoni, kama mgeni.

Sasa lori. Lori la kukodi zima, kwenda Tabora tu, lingemeza fedha yote na kudai nyingine. Lakini Karatu sokoni huja Fuso zinazoleta mchele kutoka upande wa Igunga na Nzega. Zikishashusha hazirudi tupu. Hushuka Mang'ola kupakia vitunguu. Nilikwenda sokoni siku tatu mfululizo asubuhi, nikiwauliza madereva si bei bali wanabeba nini wakirudi na kinafika wapi. Siku ya tatu nilimpata mmoja, mtu mfupi mwenye kofia ya sufi, ambaye vitunguu vyake havikujaza gari.

"Nafasi ninayo ya tani moja, nyuma," alisema. "Laki sita mpaka mlangoni kwako Tabora. Tani moja, mama. Si tani moja na kidogo."

"Nina kilo mia tisa na kumi."

"Umejuaje?"

"Nimepima."

Alinitazama. "Wateja wangu wote huniambia ni vitu vichache tu, halafu nakuta majokofu mawili na mbuzi. Njiani kuna mizani ya serikali mara kadhaa. Nikizidisha, faini ni yangu, na tajiri ananikata mimi."

Nilirudi nyumbani nikamsomea mume wangu makadirio kwenye simu. Lori laki sita. Kamba, maboksi na turubai elfu arobaini. Vibarua wa kushusha Tabora elfu arobaini. Dharura elfu themanini. Kwa kupakia Karatu niliweka elfu sitini, ingawa majirani ndio wangepakia bila malipo. Mtu akihama huku, jirani hakai ndani akitazama wengine wanabeba. Lakini wanaokuja kupakia wanakula, kwa hiyo elfu sitini ilikuwa ya makande, chai na soda. Jumla, laki nane na elfu ishirini.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Inabaki laki nne na elfu thelathini," alisema polepole, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. "Kodi, dalali, na elfu kumi juu."

"Elfu kumi ni ya pazia," nilisema.

Niliandika barua ya kuacha kazi. Mshahara wangu uliokuwa unakoma sikuuweka mahali popote kwenye yale makadirio. Nilijua ungebadilisha jibu, na mimi jibu nilikuwa nimeshalichagua.

Mume wangu alifika Ijumaa. Jumamosi saa mbili asubuhi Fuso ikapanda kutoka Mang'ola ikiwa na vumbi jekundu hadi kwenye vioo, ikanuka vitunguu mtaa mzima, ikarudi kinyumenyume hadi kibarazani kwetu. Majirani walikuwa wameshajaa. Nilikuwa nimepika makande sufuria mbili kubwa. Walipakia kwa mpangilio nilioutaka, vizito chini na mbele, na kufikia saa nne vyombo vyote vilikuwa ndani, bado nafasi ya kilo tisini. Dereva alizunguka gari, akapiga matairi teke, akasema sawa. Nilimtazama mume wangu naye akanitazama. Sikumbuki kama tuliwahi kutazamana vile mbele ya watu.

Hapo ndipo zawadi zilipoanza kuja.

Ninapaswa kueleza, kwa sababu mtu wa mbali anaweza kudhani nilikuwa mzembe. Huku kwetu anayehama haachwi aondoke na vyombo tu. Anakokwenda hajalima, hana akiba ya msimu; kwa hiyo anapewa chakula cha kuanzia. Nilijua hilo tangu utoto. Nimewabebea wengi debe la mahindi siku za kuondoka kwao. Lakini maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nasindikiza. Sikuwa nimehama hata mara moja tangu niolewe. Aliyekuwa anahama ni mume wangu, na begi lake. Katika hesabu nzima, niliyoipima hadi vijiko, sikuwahi kujiweka upande wa anayepokea.

Bibi ndiye aliyetangulia, na debe la ngwara, zile fiwi za kwetu, kichwani na boga juu yake. Nyuma yake akaja fundi baiskeli aliyeoa juzi, na mkewe, wamebeba gunia la mahindi nusu. Mwalimu wa chekechea, mbaazi. Wenzangu wa kwaya walikuwa wamechanga, wakaja na gunia zima, wakiimba. Watu wa kijiji cha Qurus ambao niliwahi kusali nao walikuja na pikipiki mbili, viazi huku na huku. Mama mmoja wa Kimasai ambaye kila asubuhi alinishushia maziwa kutoka upande wa Ngorongoro alikuja na kibuyu kilichofungwa shanga shingoni, na jogoo chini ya shuka.

Huwezi kutundika zawadi ya mtu kwenye mizani akiwa amesimama mbele yako. Nilipokea kila kitu kwa mikono miwili. Kupokea kwa mikono miwili ni adabu, na kwangu mikono hiyo ikawa inafanya kazi yake bila kuambiwa: ishirini, arobaini na tano, mia moja. Nilikuwa natabasamu na kujumlisha. Nilipofika mia tatu na hamsini niliacha kutabasamu.

Dereva alikuja, mikono kiunoni. "Mama, hivi ni nini?"

"Zawadi."

"Zawadi zina kilo, mama."

"Kwani wewe kwenu mtu akihama mnampa nini?" Bibi alimvaa. "Mnampa pole?"

"Kwetu tunampa nauli, bibi. Nauli haina uzito."

Watu walicheka, hata mimi. Lakini alinivuta pembeni akasema bila mzaha. "Zaidi ya tani sipiti. Ukitaka haya yaingie, vitunguu vishuke, na vikishuka utavilipia nafasi yake. Laki moja na nusu. Na hapo nimekuhurumia."

Mume wangu alikuwa amesikia. Tuliingia jikoni, ambamo hamkuwa na kitu tena isipokuwa mafiga na jivu.

"Tulipe tu," alisema. "Hatuwezi kuwaaibisha watu."

"Tukilipa, kodi haitoshi. Hata nikiweka dharura yote na elfu kumi ya pazia."

"Najua." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nitatangulia. Nitakaa bwenini miezi miwili mitatu, nikijikusanya nakuita."

Miezi miwili mitatu. Nilikuwa nimesikia miezi hiyo tangu nikiwa msichana, na haikuwahi kuwa miwili wala mitatu. Hakuwa ananidanganya, wala hakuwahi kunidanganya. Alikuwa mtu mzuri anayesema kinachoonekana kwa wakati ule, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa na kisichoonekana.

"Au tuviache nyuma, kimyakimya," alisema. "Tumkabidhi mtu mmoja auze, atutumie."

Hilo sikuweza. Mwaka mmoja nilimpa mwalimu aliyehamia Babati nusu debe la ngwara, nilizozichambua mwenyewe jiwe kwa jiwe. Kesho yake nikaziona dukani, kwenye kikapu changu mwenyewe, zinauzwa kwa kisado. Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku ile, nikimkumbuka yule mwalimu nakumbuka kile kikapu.

Tulisimama pale. Nje walikuwa wanaimba tena. Kupitia mlangoni niliona sehemu ya nyuma ya lori, na juu ya mzigo wote, yamefunikwa shuka langu la maua, makochi. Mia na thelathini. Chini yake meza ya chakula, sitini. Kitanda cha watoto na godoro lake, sabini. Nilijumlisha bila kukusudia. Mia mbili na sitini. Na ziada ya zawadi, ukitoa zile kilo tisini zilizokuwa wazi, ilikuwa mia mbili na sitini.

"Baba," nilisema, "wewe ukirudi kazini unakaa wapi?"

"Vipi?"

"Tabora. Ukirudi nyumbani jioni. Lazima ukae kwenye kochi?"

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akasema, "Nitakaa hata kwenye gunia."

Nilitoka nje. "Shusheni makochi," nilisema.

Kuimba kukakoma. Bibi aliweka kikombe chake cha chai chini. "Unayauza? Leo? Mtu anauza kochi akiwa na watu uani?"

"Siuzi, Bibi. Nakuwekesha."

Kisha nikaona uso wake unaanza kupanuka, maana alikuwa amezaliwa Mbulumbulu kama mimi, na amewekeshwa ng'ombe na kuwekesha maisha yake yote.

"Unaniwekesha," alirudia, kwa sauti ya mtu anayefunga mkataba mbele ya wazee. "Haya. Na maziwa yake?"

"Maziwa yake ni kukalia. Kalia upendavyo."

"Na mbolea?"

"Mbolea wataileta wajukuu zako."

Watu walianza kushika mbavu. Bibi aliinua mkono wanyamaze, hajamaliza. "Na likizaa?"

"Stuli ya kwanza yangu. Ya pili yako."

"Mmesikia wote!" alisema. "Mwaka kesho asije kusema hakuna mashahidi."

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Fundi baiskeli na mkewe waliwekeshwa kitanda, na Bibi akawaambia kuwa hicho kikizaa, mtoto ni wao wote, mwenye kitanda hadai. Bi harusi alijifunika uso kwa khanga. Nilitaka kumwekesha meza yule mama wa maziwa, ila yeye aliizunguka, akaipima kwa macho, akatikisa kichwa.

"Nyumba yangu nimejenga mwenyewe," alisema, "na mlango niliupima kwa mwili wangu. Hii itakaa nje na mbuzi." Meza ikaenda kwa mwalimu wa chekechea. Yule mama wa maziwa alinipa kibuyu chake, akanifundisha mbele ya wote jinsi ya kukifukiza kwa mti, kana kwamba kwa miaka yote sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Makochi yalishuka, mahindi yakapanda. Mume wangu alibeba magunia mwenyewe, shati likamlowa. Dereva alisimama pembeni na kofia yake ya sufi mkononi, akaniuliza kama nina hakika.

"Ni tani moja," nilisema.

"Na jogoo?"

"Jogoo atapanda basi na sisi."

Kesho yake alfajiri, kabla ya kupanda pikipiki kwenda stendi, nilipita kwa Bibi. Alikuwa ameshaliweka lile kochi kubwa dirishani na ameshalikalia, katikati kabisa, mikono huku na huku, magoti yake yakitazama mlango. Sikuwahi kumwona mtu akikaa vizuri vile juu ya kitu nilichokinunua. Hakusimama kuniaga. "Nikisimama nitalia," alisema, "na kochi si langu, nitalilowanisha."

Jumapili jioni, basi letu likiwa limeshaipita Singida, dereva alipiga simu. Mizani ya mwisho alikuwa ameipita. "Mama," alisema, "nikipata wateja kumi kama wewe nitanenepa."

Chumba cha mbele Tabora kilikuwa na sakafu ya saruji na dirisha moja. Kodi tulilipa Jumatatu asubuhi, miezi sita, na dalali akapata chake. Makande ya kuaga yalikuwa yamezidi elfu kumi na tano, nikazitoa kwenye dharura. Tulipanga magunia ukutani, mahindi chini na mbaazi juu, tukatandika lile shuka la maua. Kwa urefu yalikuwa sawa na kiti, na ukiyaegemea yanakupokea. Ile droo ya baba mkwe niliiweka juu ya boksi, ikawa kabati.

Jumanne alikwenda kazini. Sikuwa na stoo ya kwenda, kwa hiyo nilifagia, nikachambua ngwara, nikazipika kwa nazi aliyoniuzia jirani mmoja mpya. Saa kumi na nusu nikasikia buti mlangoni. Alikuwa amerudi, siku ya katikati ya wiki, bila begi. Alisimama mlangoni kidogo kana kwamba anasubiri mtu amkaribishe.

"Karibu," nilimwambia.

Akaketi juu ya magunia, si ukingoni, akaanza kufungua kamba za buti.

Nilirudi kwenye moto. Maji ya ugali yalikuwa yameshachemka na nilikuwa na kibakuli cha unga mkononi, nikasita. Nilijua anachokula mtu aliyetoka safarini, na anachokula mtu aliye likizoni. Siku ya kazi sikuijua.

"Baba, siku ya kawaida unakula kiasi gani?"

Alifikiri, buti moja mkononi. "Sijui. Kambini wanatupakulia."

Basi nikakadiria. Alimaliza yote, akakwangua na ukoko wa sufuria. Jumatano nikaongeza konzi moja ya unga, akabakiza. Alhamisi nikapata kipimo chake.